Siku Télé Yangu Ilipotolewa Nje

Mimi si mutu wa kubembelezwa, nasema mapema ili tusisumbuane. Jina langu ni Henriette Nshobole. Nilizaliwa upande wa Bukavu, nikaolewa na Munande wa Butembo, na hapa Keshero, mutaa wa Goma, watu wananiita Mama Sylvie, kwa jina la binti yangu aliyeolewa Uvira. Bwana yangu anaitwa Wenceslas. Anaitwa, si aliitwa. Mutu akikosea hapo namurekebisha palepale, hata akiwa padri.

Wenceslas ni mufanya biashara wa safari ndefu. Anatoa maharagwe na mafuta ya mawese Beni na Butembo, anakuja kuyauza hapa Goma. Vita ilipoharibu barabara ya Rutshuru, wenzake walianza kuzunguka kupitia ng'ambo ya mupaka. Yeye akasema hiyo barabara anaijua tangu hajaota ndevu, haiwezi kumukataa. Aliondoka asubuhi na dereva wake, lori tupu, ameshiba chai. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuona, si yeye, si dereva, si lori. Mwaka umeisha na mwingine umefika katikati. Simu yake ukiipiga, inakuongelesha ile sauti ya dada wa Kifaransa anayesema namba haipatikani. Huyo dada nimemutukana sana.

Sasa niwaeleze habari ya télé, maana ndiyo iliyoleta mambo yote haya. Parabole yetu, ile sahani ya kunasa télé, Wenceslas aliifunga mwenyewe juu ya bati. Watu wengine wakiwa na parabole wanatafuta mupira na habari. Yeye alikuwa na ugonjwa wa kubonyeza télécommande hadi mwisho kabisa, kule kwenye namba kubwa ambako unakuta mahubiri ya watu usiowajua, mutu anauza sufuria, kisha giza tupu. Huko ndiko alikuta ile chaîne ndogo. Hata jina lake limeandikwa kwa herufi ambazo abbé wetu, padri wa parokia, alizitazama, akasafisha miwani, akaomba maji ya kunywa. Kila siku saa tisa za muchana inaonyesha filme ya zamani, nyeusi na nyeupe, wanaume na kofia zao, wanawake na vinywa vimepakwa rangi ambayo huwezi kuijua ni rangi gani.

Lugha yao hakuna aliyeitambua. Jirani mwalimu alisema ni Kirusi. Kijana wa duka alisema ni Kigiriki. Wenceslas akasema ni Kinande kizuri kabisa, ila masikio yetu ndiyo mabovu, na akaanza kututafsiria. Yule baba mwenye koti refu anayepiga mulango kwa hasira, kumbe amekuja kulalamika kwamba maharagwe aliyouziwa yamejaa mawe. Yule dada anayelia dirishani, shemeji zake wamekula sombe yote bila kumubakishia. Nami nikaona siwezi kukaa bubu ndani ya nyumba yangu, nikachukua sauti za wanawake. Tulikuwa tunacheka hadi tunashika mbavu, wazee wazima, saa tisa za muchana, kazi zimelala.

Alipokawia kurudi niliendelea peke yangu, sauti za wanaume na za wanawake zote mimi. Majirani wakaanza kuja. Béata wa parseli ya mbele, ule ua unaotazamana na wetu, yule anayeuza makala ya kupikia, hakukosa hata siku moja. Wakaja na wale mama waliokimbia vita, waliolala kwa ndugu zao hapa kartie, mutaani kwetu, au chini ya mabashi ya plastiki kule juu kambini, wanakaa chini kwenye sima ya sakafu na watoto mugongoni. Nilikuwa nawapa filme ya kushiba. Na napenda zile filme kwa sababu moja nyingine ambayo sikumuambia mutu: mutu akipigwa risasi mle ndani, anaanguka na shati lake safi. Damu haina rangi. Nyekundu mimi nimeiona ya kutosha. Nimeona wakimbizi wa inchi jirani wakiingia muji huu, nimeona volkano ikatukimbiza na sisi, nimeona vita ikibadili jina na kubaki ileile.

Jambo lingine mulijue. Kwetu hapa, kilio kikiingia nyumba, télé inatoka. Viti vya salon vinatolewa nje kwa ajili ya wanaume, magodoro yanatandikwa chini kwa ajili ya wanawake, na télé inafungwa kitenge inapelekwa kwa jirani au chumbani, isije ikacheka mbele ya musiba. Ukipita barabarani ukaona viti nje na télé imefungwa kitenge inabebwa, hauulizi. Unaenda kutafuta kuni. Kwa hiyo télé yangu ilipokuwa inapiga kelele kila saa tisa, kartie yote ilielewa ninachosema: hapa hakuna kilio.

Na nilikuwa na sheria. Ndani ya salon yangu hakuna kulia, na hakuna kuongelea wafu. Kulilia mutu ambaye haujaona mwili wake ni kumuita aje afe. Anayetaka kulia, kanisa liko wazi. Niliisema hiyo sheria kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kuijaribu.

Mukashyaka aliingia kwangu chini ya sheria hiyo. Alikimbia kutoka Masisi, akalala kwenye majengo ya parokia na wengine wengi, hadi abbé akatuomba kila nyumba ipokee mutu. Mimi nilimuchagua yeye kwa sababu alikuwa amekaa wima. Mama wa makamo, mwembamba, kitenge kimoja na sufuria moja. Siku ya kwanza nilimuuliza ana watoto wangapi. Akasema mumoja, Harelimana. Nikamuuliza yuko wapi. Akaangalia télé, ambayo ilikuwa inaongea, akaniangalia mimi, akasema amebaki nyumbani. Nikasema vizuri, kijana abaki achunge mashamba, na nikaendelea kuwatolea sauti watu wa filme.

Mukashyaka alifanya kazi kwangu bila mimi kumuomba. Alipika, alifua, aliosha sakafu hadi unaona sura yako. Saa tisa alikaa mulangoni, nusu ndani nusu nje, anachagua mawe ndani ya muchele. Hakuwa anacheka. Nikajiambia watu wa milimani hawachekeshwi haraka. Siku moja filme ilionyesha vijana wanapanda treni kwenda vitani, na mama mumoja anapunga kitambaa. Mimi nikamutolea yule mama sauti, nikasema anamukumbusha mutoto asirudi bila viazi. Salon nzima ilicheka. Mukashyaka akainuka, akaenda uani kuosha masufuria ambayo alikuwa ameishaosha. Nilifikiri amechoka.

Basi. Siku ya Dimanche, baada ya misa, Achille akaja. Achille ni mudogo wake Wenceslas, ana depo yake Murara, mutu wa heshima, hapandishi sauti. Alikuja na suti, na Achille akija na suti ujue ametumwa. Alikunywa chai, akasifu chai, akauliza habari za Sylvie. Kisha akaeleza kwamba familia ya Butembo imekaa. Mama yao ni muzee sana, hatoki tena kitandani, na ombi lake ni moja tu, amulilie mutoto wake kabla na yeye hajaondoka. Lakini kule Butembo hawawezi kuanza kilio wakati bibi ya mutu anakataa. Bibi ndiye anafungua. Mimi nikifungua hapa, nao watafungua kule.

Nilimujibu kwamba namuheshimu mama mukwe wangu, na kila jioni namuombea. Lakini kilio kinahitaji mwili, au mutu aliyeuona mwili. Anionyeshe kimoja kati ya hivyo viwili, mimi mwenyewe nitatoa viti nje. Wakati huo saa tisa ilikuwa imefika, na filme ilianza, watu wanacheza muziki katika chumba kikubwa, wanazunguka, magauni yanafagia sakafu. Achille akawatazama kwa muda.

"Shemeki," akasema, "hawa wote unaowatazama kila siku ni wafu. Filme ni ya zamani. Hakuna hata mumoja aliyebaki."

"Mbona wanacheza?" nikamuuliza.

"Shemeki, tafadhali."

"Nakuuliza wewe uliyesoma. Wanacheza ama hawachezi?"

Akaweka kikombe chini taratibu, akasimama, akafunga kifungo cha koti. Mulangoni akaniambia nifikirie. Nikamuambia nimeishafikiria tangu zamani, asalimie watoto. Béata alikuwa kwenye mulango wake anamuona anatoka na suti yake na uso umeshuka. Béata hapitwi na kitu.

Usiku huo mvua ya ziwa ilitupiga. Upepo uligeuza parabole, ukang'oa bati pale inapopita waya, na maji yakateremka ndani ya salon kama mutu ameacha robine wazi. Asubuhi viti vyote vililowa hadi sponji. Télé, nilipoiwasha, ilitoa moshi mudogo, ikanyamaza. Umeme wenyewe ulikuja ukaondoka tena, hata simu yangu ilikuwa imezima. Nilikuwa na hasira ya kula mutu.

Tukafanya kama inavyofanywa. Mukashyaka na mimi tulitoa viti vyote nje vikauke. Tukakunja zulia tukalitundika ukutani mwa parseli. Kisha nikachukua kitenge changu kizuri, kile cha buluu, tukafunga télé isije ikapata vumbi la barabara, maana nilitaka kuipeleka Ndosho kwa fundi Bulonza, ambaye anafufua hata redio za wakoloni. Nikamuita kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Tukailaza télé juu ya ile mbao, tukaifunga kamba, kijana akasukuma, mimi nikafuata nyuma kwa muguu, uso nimeukunja.

Mumeishaelewa. Mimi sikuelewa. Kichwa changu kilikuwa ndani ya ile télé. Béata alikuwa barabarani na magunia yake ya makala. Alipotuona alidondosha kipimo, akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa. Akasema pole sana, Mama Sylvie. Nikafikiri anaisikitikia télé, maana yeye ndiye mutazamaji mukubwa. Nikamuambia asante, nikaendelea. Hatua chache mbele, mwalimu akavua kofia. Nikaona leo watu wana adabu.

Kwa Bulonza nilikaa muda murefu. Aliifungua, akapuliza, akatingisha kichwa, akasema kuna kitu kimeungua ambacho anaweza kukipata kwenye télé nyingine iliyokufa, nimupe siku chache. Nilimusimamia hadi akanionyesha mahali atakapoiweka, nikamuapisha asiiguse mutu mwingine. Kisha nikapanda moto, pikipiki ya kulipia, kurudi. Tulipokata kona ya avenue yangu, nikaona moshi unapanda kutoka kwenye parseli yangu.

Nikafikiri nyumba inaungua. Nikaruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama. Mulango wa parseli ulikuwa wazi kabisa. Bashi lilikuwa limefungwa kati ya ukuta na muti wa avoka, moto wa kuni unawaka, wanaume wamekaa kwenye viti vyangu vilivyolowa, suruali zao zinakunywa maji na hakuna anayelalamika. Achille alikuwa katikati, na suti ileile. Waliponiona walisimama wote. Na kutoka ndani ya nyumba ikapanda sauti ya wanawake wengi, ile sauti inayoanzia tumboni.

Béata alinirukia, akanikumbatia na makala yake yote, akaniambia nijikaze. Ndipo nikaelewa. Kilio! Kwangu! Nimetoka kidogo tu kupeleka télé kwa fundi, watu wameishaua bwana yangu! Nilimusukuma Béata, nikapita katikati ya wanawake waliokaa kwenye baraza, nikafika mulangoni mwa salon na mudomo umejaa maneno ambayo hayaandikwi. Nilikuwa nitawafukuza wote, mumoja mumoja, kwa jina na kwa jina la mama yake.

Godoro lilikuwa limetandikwa chini, na mikeka. Wanawake walikuwa wamejaa. Katikati, miguu imenyooshwa, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu, kichwa wazi, alikuwa Mukashyaka. Alikuwa analia kuliko wote. Wengine walikuwa wanamusaidia yeye. Mutu hawezi kulia vile kwa ajili ya bwana ya mwenye nyumba ambaye hajawahi kumuona. Alijipiga kifua na kusema maneno ya Kinyarwanda, na wale waliomuzunguka walidhani anamusifu Wenceslas kwa lugha yake. Lakini mimi nilikaa naye mwaka karibu muzima. Nilisikia vizuri alichosema. Alisema Harelimana, mwana wanjye. Harelimana, mutoto wangu.

Nikapita katikati ya miguu ya watu, nikapiga magoti mbele yake, nikamushika mikono asijipige tena. Nilimuongelesha karibu na sikio.

"Mukashyaka. Télé tuliifunga pamoja. Ulijua inaenda kwa fundi."

"Nilijua, mama."

"Mbona haukuwaambia?"

Akaniangalia. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini hayakuniogopa.

"Walikuja na kilio tayari, mama," akasema. "Mimi ningekipata wapi kingine?"

Kisha akanieleza, polepole, huku wanawake wengine wakiendelea kulia juu yetu. Harelimana alipigwa shambani, saa ya kupalilia, risasi haijulikani ya nani. Mama yake na jirani mumoja walimubeba hadi nyuma ya nyumba, wakamuzika palepale, wakafukia kwa jembe lile alilokuwa nalo. Hakuna aliyelia. Wenye bunduki walikuwa bado kwenye migomba, mutu angelia wangesikia. Siku hiyohiyo walikimbia. Njiani hakulia, maana kulikuwa na watoto wa watu. Kwenye parokia hakulia, maana kila mutu alikuwa na wake. Akaingia kwangu, na kwangu kulikuwa na sheria.

Nasema ukweli wangu, na sitaupunguza. Kitu cha kwanza nilichosikia si huruma. Nilimuonea wivu. Yeye anajua mahali. Anajua ni nyuma ya nyumba, anajua ni jembe gani, alimufumba macho kwa mukono wake. Mimi niko na dada wa Kifaransa kwenye simu. Wivu ulinichoma, nikabaki nimemushika mikono. Ndipo nikaona vile vidole vyake vimechubuka kwa kuosha masufuria yangu yaliyokuwa safi, na wivu ukaondoka, ukaniacha na haya.

Achille alikuwa amefika mulangoni. Wanaume hawaingii mahali wanawake wamekaa, kwa hiyo alisimama kwenye kizingiti, kofia mukononi. Alisema kwa upole, na niliona kwamba na yeye amelia.

"Shemeki, Mungu akubariki kwa kukubali. Nimeishapiga simu Butembo. Mama anamulilia tangu asubuhi."

Wanawake wote waliniangalia. Walikuwa wameacha kazi zao, wameleta kuni, wameleta unga, Béata alikuwa ameacha magunia yake barabarani bila mulinzi. Na kule Butembo, mwanamuke muzee kitandani alikuwa ameishafungua machozi aliyoyafunga muda wote huo. Ningesema neno moja tu, ndiyo, mambo yangeisha. Kila mutu angepata alichokuwa anakitaka. Hata mimi ningelala chini, watu wangenishika, ningepumzika. Musidhani sikulitamani. Nililitamani sana.

Nikasimama.

"Achille, sikiliza, na wote musikilize, sitarudia. Télé yangu imeloa mvua, iko kwa Bulonza. Wenceslas hayumo ndani ya kilio hiki. Siku nitakapoona mwili wake, au mutu aliyeuona, mutanisikia mimi wa kwanza, na mutanisikia hadi Bukavu. Lakini hamukukosea nyumba. Kilio kiko hapa, na mwenyewe ni huyu. Mutoto wake anaitwa Harelimana. Hajaliliwa na mutu hata mumoja tangu azikwe."

Achille akauliza, kwa sauti ndogo, Harelimana ni nani.

"Ni mutoto wa nyumba hii," nikasema.

"Na mama? Nimuambie nini mama?"

Swali hilo liliniuma, maana lilikuwa la haki. Nikamujibu apige tena simu, aombe radhi kwa jina langu mimi, si kwa lake. Amuambie mutoto wake bado anatafutwa. Na kama machozi yameishaanza kutoka, asiyazuie, mutu wa umri ule akizuia machozi anapata ugonjwa. Amulilie Harelimana. Ni mutoto wa mama mwenzake, hakuna dhambi.

Nilidhani atakasirika. Alizungusha kofia katika vidole vyake. Kisha akafanya kitu ambacho kilinifanya nimupende huyo mwanaume kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwao. Alivuka kizingiti, akamuinamia Mukashyaka pale chini, akamupa pole kwa mikono miwili, kama anavyopewa mama mwenye musiba, akamuuliza kijana alikuwa na umri gani. Mukashyaka akamuambia. Achille akatoka, na nikamusikia anawaeleza wanaume, jina, umri, kijiji. Hakuna aliyeondoka. Watu wa Goma hawaachi moto wa kilio eti kwa sababu jina limebadilika. Mutu mumoja alinung'unika kuhusu suruali yake, basi.

Béata alikuwa ameshika mudomo, anaogopa kuniangalia. Nikamuambia kama ana sauti ya kuanzisha, ana sauti ya kuendelea. Akajikohoza, akaanza upya ule wimbo wa wafiwa, na alipofika mahali pa jina, akaweka Harelimana. Mara ya kwanza alilikosea, mara ya pili akalipata. Wengine wakamufuata. Jina lile lilijaa salon yangu hadi kwenye lile tundu la bati.

Nami nikakaa chini, miguu mbele, nikalia. Nilimulilia Harelimana, ambaye sijawahi kuona hata picha yake. Nililia hadi kitambaa cha kichwa kikadondoka. Na mutu anayetaka kusema kwamba nilikuwa namulilia mwingine, aje aseme mbele yangu, nimusikie.

Jua liliposhuka upande wa Sake, mutu akasema watu hawajakula. Unga ulikuwepo, maharagwe yalikuwepo, sufuria kubwa Béata alileta yake. Nilijifuta uso nikatoka kwenda jikoni, kuteka maji na kuwasha makala. Sufuria ikagonga jiwe la jiko. Mulio huo tu, na Mukashyaka, katikati ya kilio chake mwenyewe, akakata sauti, akaanza kuinuka. Alikuwa ameishajifunga vizuri kitenge, anatafuta kandambili kwa miguu, anakuja kunisaidia kusonga bugali.

Nikaacha mwiko. Nikarudi ndani na mikono yangu ya unga, nikamushika mabega yote mawili.

"Kaa," nikamuambia. "Mwenye kilio hapiki."

Alisimama hapo, haelewi afanye nini na mikono yake. Nikamusukuma kidogo, akakaa. Béata akaleta maji na beseni. Nikamunawisha mikono mimi mwenyewe, mukono huu, kisha ule, nikaifuta kwa kitenge changu, nikamuwekea bugali mbele yake, nikakaa kumungojea ale.